Ghorofa ya nini uzeeni?

Watanzania wenzangu wa hapa Uingereza tukikutana, mazungumzo hayachelewi kuingia kwenye ujenzi wa nyumba za kurudia Tanzania uzeeni. Huyu kafika kwenye lenta, yule anapaua, mwingine anatafuta fundi asiyekula hela ya saruji. Ukiomba kuona ramani, nyingi ni ghorofa, na chumba masta cha baba na mama kiko juu. Wenye nyumba wenyewe wana miaka sitini na ushee, magoti yameshaanza kulia. Tunajenga kama vile atakayerudi ni yule kijana aliyeondoka, kumbe atakayerudi ni mzee na mkongojo wake.

Wazee wengi wa hapa, uzee ukibisha hodi, hufanya jambo ambalo kwetu lingeitwa kufilisika: hutoka nyumba kubwa wakahamia ndogo isiyo na ngazi. Mimi na mume wangu tumefanya hivyohivyo. Tuliirudisha nyumba ya halmashauri tuliyokuwa tumepanga, tukapewa fleti ya chini kwenye jengo la wazee. Milango ni mipana, kiti cha magurudumu kinapita. Chooni inaning'inia kamba nyekundu mpaka karibu na sakafu, ili ukianguka uivute palepale ulipolala.

Kuhama kwenyewe ni shughuli. Kochi zima kabisa, maduka ya hisani, yale yanayouza vitu vilivyotolewa sadaka, hayalipokei kama halina lebo ya kuonyesha kwamba linahimili moto, iliyoletwa na kanuni za 1988. Halmashauri nyingi zinakuja kulichukua kwa malipo. Yaani unalipa ili utupe! Tanga kochi hilo lisingelala barazani hata usiku mmoja. Hata hivyo nimeipenda kazi ile, kwa sababu unapanga vyako ukiwa hai na akili zako timamu. Kila sahani unaamua mwenyewe inakwenda kwa nani. Kwetu nimeona matanga hayajaanuliwa, watoto wa marehemu wameshashikana mashati kwa ajili ya friji.

Kinachokosekana hapa ni watu. Korido kimya, jirani tunaambiana habari za mvua basi. Kila asubuhi msimamizi wa jengo hutuita kwenye spika ya ukutani kuuliza tumeamkaje: salamu za mshahara, lakini nashukuru.

Bibi yangu pale Ngamiani, Tanga, hakuhitaji spika. Nyumba yake ilikuwa ya Kiswahili hasa: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uwani nyuma, hakuna ngazi ya kupanda. Yeye chumba cha mbele, vilivyobaki wapangaji. Kodi ndiyo iliyokuwa pensheni yake. Asubuhi dirisha lake likichelewa kufunguliwa, mpangaji anagonga mlango. Ila choo kilikuwa uwani, na usiku wa mvua ilikuwa taabu, hilo sitalitetea.

Na hesabu ya pesa nayo inaniunga mkono. Pensheni ya serikali ya hapa, ambayo sasa huanza ukifika miaka 66 na inasogezwa kwenda 67, unaweza kulipwa hata ukiwa Tanzania, lakini kiwango chake kinaganda. Waliobaki huku huongezewa kila Aprili. Wewe unabaki na kilekile mwaka baada ya mwaka, na zile posho za kujazia kipato kidogo au za mzee anayehitaji kuhudumiwa huondoki nazo. Mchele wa sokoni haugandi bei. Anayerudi kwenye ghorofa lenye uzio, geti na mlinzi wa kulipwa, bila chumba hata kimoja kinachoingiza shilingi, baada ya miaka kumi atamlipa mlinzi huyo kwa pesa gani?

Sisi ramani yetu tumeshamwagiza fundi: sakafu moja kutoka barazani mpaka uwani, vyoo ndani vyenye vyuma vya kushikia ukutani, na upande mmoja wote wa wapangaji. Mdogo wangu alipoiona alinipigia simu huku anacheka. "Dada, miaka yote hiyo Ulaya, unarudi kuwa mama mwenye nyumba wa Ngamiani?" Nikamwambia aanze kunitafutia wapangaji mapema, na wenye watoto wenye makelele wapewe kipaumbele.