Tatizo la Final Fantasy si namna ya kupigana

Kila toleo jipya la Final Fantasy, mfululizo wa gemu za video kutoka Japani, linapotoka, mashabiki hurudia ubishi ule ule. Kuna wanaosema mfululizo huu ulikufa pale ulipoacha mapigano ya zamu, yale ya kutulia, kuchagua shambulio au dawa, kisha kumwachia adui naye apige. Wengine hujibu kwamba dunia imekwenda mbele, na anayetaka gemu za miaka ya tisini bado anazo, azicheze. Toleo la 16, lililotoka Juni 2023, liliuchochea ubishi huo zaidi. Mapigano yake ni ya papo kwa papo, unamwongoza mhusika mkuu, Clive, peke yake, na aliyeyasanifu, Ryota Suzuki, alitoka kampuni ya Capcom alikoifanyia kazi Devil May Cry 5, gemu ya mapigano ya kasi.

Wanaolalamika wana hoja nzito. Katika toleo hilo Clive anatumia moto, barafu na radi, lakini hakuna adui anayeumia zaidi kwa kimoja kuliko kingine. Sumu, usingizi na upofu, mambo yaliyomlazimu mchezaji kujiandaa kabla hajaingia pangoni, yameondolewa. Wenzako wanapigana kivyao. Anayepokea amri ni mbwa wako Torgal tu. Kwa mtu aliyezoea kupanga kikosi, kilichopotea hapo ni kazi ya kufikiri, na mimi nakubaliana naye. Wala haisaidii kusema kwamba mapigano ya zamu hayauziki tena. Persona 5 iliuza, Dragon Quest XI ya Square Enix, kampuni hii hii inayotoa Final Fantasy, iliuza, na mwaka 2025 studio changa kutoka Montpellier, Ufaransa, ilitoa Clair Obscur: Expedition 33, gemu ya zamu iliyopokewa kwa shangwe karibu kila mahali.

Hata hivyo, ukiifuata hoja hiyo mpaka mwanzo wa mfululizo, inakwama. Final Fantasy haijawahi kuwa na kanuni moja ya kupigana. Toleo la 2, la mwaka 1988, lilifuta pointi za uzoefu: mhusika aliimarika katika kile alichokitumia, na hata kupigwa kulimwongezea uhai. La 4, mwaka 1991, likaingiza muda unaokimbia, adui akawa hakusubiri tena umalize kufikiri. La 8 likakutaka unyonye uchawi kutoka kwa maadui na kuuambatisha na nguvu, kasi na uhai wa wahusika wako, mfumo ambao hadi leo una wanaoupenda na wasioutaka hata kuusikia. La 12 likakuachia uandike masharti, wahusika wakapigana wenyewe kwa kuyafuata. Mfululizo huu umeishi kwa kujibadilisha.

Kilichobadilika kweli ni muda kati ya toleo na toleo. La 7 lilitoka Januari 1997, la 8 Februari 1999, la 9 Julai 2000, la 10 Julai 2001. Aliyechukizwa na la 8 alikaa mwaka mmoja na nusu hivi, akapata la 9 lenye majumba ya kifalme, mchawi mdogo mwenye kofia iliyochongoka, na kikosi cha watu wanne kama zamani. Kampuni iliweza kujaribu jambo la ajabu, watu wasipolipenda ikajaribu jingine, na shabiki hakuwa amezeeka.

Sasa tazama toleo la 15. Lilitangazwa mwaka 2006 kwa jina jingine, Versus XIII, likiwa mikononi mwa mwongozaji Tetsuya Nomura. Baadaye likakabidhiwa kwa Hajime Tabata, na likatoka Novemba 2016. Miaka kumi! Na bado hadithi yake ilikuwa na mapengo. Anguko la mji wa Insomnia lilisimuliwa kwenye filamu ya pembeni, na nyingi ya sura za nyongeza zilizoahidiwa zilifutwa mwaka 2018, hadithi zake zikaishia kwenye riwaya. Shabiki aliyeumizwa na hayo alingoja toleo jingine hadi 2023, akakuta kila kitu kimegeuzwa upya.

Miaka hiyo na fedha zilizotumika hazikupotea bure, tuseme haki. Katika toleo la 16, pambano la Clive na jitu Titan, mlima mzima ukiporomoka huku muziki wa Masayoshi Soken ukipanda, lisingewezekana kwa kikosi kidogo cha watengenezaji. Lakini pale mfululizo ulipofufuka, ulifufuka kwa kujirekebisha haraka. Toleo la 14, la mtandaoni, lilikuwa baya kiasi kwamba kampuni iliomba radhi na kumkabidhi Naoki Yoshida usukani. Likafungwa mwaka 2012, likarudi 2013 likiwa limejengwa upya, na tangu hapo limekuwa likiongezewa na kusahihishwa kila baada ya miezi michache. Rebirth ya 2024, sehemu ya pili ya toleo la 7 lililotengenezwa upya, nayo ilitumia wahusika na misingi iliyokwisha kuwekwa na sehemu ya kwanza, Remake ya 2020. Humo unapiga papo kwa papo huku ukimpa kila mwenzako amri, na akili ina kazi yake.

Ndiyo maana naona ubishi wa zamu dhidi ya papo kwa papo unaiachia kampuni swali jepesi, badala ya lile gumu la muda kati ya toleo na toleo. Square Enix inajua kutoa gemu za ukubwa wa kiasi: Octopath Traveler II, ya zamu na yenye picha za mtindo wa zamani, ilitoka miezi minne tu kabla ya toleo la 16. Wenye mashaka watasema jina la Final Fantasy likibandikwa kwenye gemu ya ukubwa huo, wanunuzi wataona wamepunjwa. Hofu hiyo ina msingi. Ila mimi ningelipia toleo la 17 la namna hiyo bila kusita, mradi la 18 lifuate baada ya miaka miwili.