Fundi wa Google na Patron wa Kenya

Kuna namba ikitokea kwenye simu, hata chai inapoa yenyewe. Leo saa kumi na mbili asubuhi, uso sijaosha, umeme ni wa juzi:

"Fundi, mimi siko!"

"Hauko wapi, Patron?"

"Kwenye Google. Nimejitafuta usiku kucha."

Mimi ni baba wa watoto watatu, nina kadi ya kazi ya rangi mbili: natokeza tovuti za watu kwenye Google. Nikavaa shati la pasi, nikapanda pikipiki hadi Kenya, komuni moja ya jiji letu la Lubumbashi, Kongo. Patron alikuwa chini ya taa za Toyota zilizoning'inia kama nyama buchani. Akaandika kwa kidole kimoja, taratibu, ili nami nione aibu taratibu: vipuri kenya.

Nairobi. Nairobi tena. Mombasa.

"Hawa wamenichukulia komuni yangu!"

"Patron, ile Kenya ni nchi."

"Na hii ni nini? Mimi nimezaliwa avenue hii. Waandikie barua."

Nilimwambia tangu mwanzo: tuandike Lubumbashi, tuandike na Lushi, maana mteja anaandika vile anavyosema. Akakataa. Lubumbashi nzima ya nini, wakati yeye yuko Kenya? Mwezi uliopita alipigiwa simu kutoka Nairobi, akauliziwa bei ya kupeleka breki Thika. Akasema nimeanza kufanya kazi.

Lakini hata nilipoandika jina la duka lenyewe, herufi kwa herufi, halikutokea. Hapo ndipo alipoitwa mtoto wa dada yake, anayesoma informatiki. Huyu kijana alikuwa "ameboresha". Chini ya kila ukurasa wa tovuti aliandika vipuri, vipuri, vipuri, kwa herufi nyeupe juu ya rangi nyeupe, ili mashine ione na watu wasione. Mashine inaona, ndiyo. Ujanja huo Google wameukataza kwa maandishi. Akajaza na ile lebo ya maneno muhimu, ambayo Google walitangaza mwaka 2009 kwamba hawaitazami katika kupanga matokeo. 2009 kijana mwenyewe alikuwa akitambaa.

Nikafungua mipangilio ya WordPress, programu inayoendesha tovuti yake. Kuna kisanduku kimoja kidogo pale, cha kuziomba mashine za kutafutia, Kifaransa moteurs de recherche, zisiorodheshe tovuti. Kina alama ya vyema. Miezi mitatu nimefagia uwanja, nimepanda maua, nimeita wageni, kumbe geti limefungwa kwa ndani!

"Nani aliweka alama hapa?"

"Mimi, Papa," kijana akajibu kwa adabu zote. "Waliandika habari ya moteur. Sisi hatuuzi moteur, injini za gari, tunauza vipuri tu."

Nilikaa juu ya tairi. Hasira ilikuja, ikakuta kicheko mlangoni, zikashindana nani apite kwanza. Na Patron, unadhani alimgombeza? "Mtoto amesema kweli. Moteur hatuna."

Nikatoa alama, nikataja deni ninalomdai. Akauliza kama naweza kumhakikishia namba moja. Nikasema Google wenyewe wanaandika kwamba hakuna awezaye kuihakikisha. "Basi kama mwenye mali hana uhakika, mimi nikulipe uhakika gani?"

Sikusema kitu. Bado kuna mama wa saluni aliyenitumia picha arobaini, zote za dole gumba lake, na yule wa famasi anayetaka nimfute jirani yake kwenye ramani.

Narudi nyumbani, mama watoto ananiambia makala, mkaa wa kupikia, yamepanda bei tena. Kwa kuwa yeye ameolewa na fundi, alichukua simu yangu akaandika "charbon bei nafuu". Amepata duka la Lyon, Ufaransa, la makala ya kuchomea nyama bustanini. Wako wazi hadi saa moja jioni. Megabaiti zimeisha hapo hapo, bukari, ugali wetu, bado ni unga, na mvua imeanza kunyesha juu ya shati langu la pasi kwenye kamba.