Kwa Nini Mkulima wa Korosho Humwamini Kiongozi Anayerudi

Kila uchaguzi unapokaribia husikia wachambuzi wakisema kwamba mpiga kura wa Mtwara na Lindi hununuliwa kwa fulana na kilo ya sukari, au kwamba humchagua mtu kwa kuwa ni wa kabila lake. Nimezaliwa Newala na nimelelewa kwa fedha ya korosho, na maelezo hayo huniumiza, kwa sababu yanachanganya mambo mawili ambayo wazee wetu huyatenganisha kabisa, yaani kupendwa na kuaminiwa.

Kupendwa si kazi ngumu. Mgombea anayefika msibani na kukaa mkekani pamoja na wafiwa, au anayechangia sherehe za jando na unyago baada ya mavuno, atapendwa, nami sioni ubaya wowote katika hilo. Undugu nao una nafasi yake. Hayati Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso wilayani Masasi mwaka 1938, hutajwa huku kwa fahari ya mtu wa nyumbani, ingawa fahari hiyo ina msingi mwingine pia: daraja la Mto Rufiji lililofunguliwa mwaka 2003 na kupewa jina lake, ambalo thamani yake inajulikana vizuri na kila aliyewahi kusubiri kivuko pale Ndundu wakati wa masika. Kuhusu zawadi, ilikuwapo sheria iliyoruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006, lakini hata enzi hizo niliwaona akina mama wakipokea kanga kwa huyu na kumpigia kura yule.

Kuaminiwa hutokana na hesabu. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi cha ushirika, zikapimwa, zikasafirishwa hadi ghala kuu, zikauzwa mnadani, na yeye akabaki akisubiri fedha iliyokwisha kupunguzwa makato ambayo hakuyaona yakipangwa. Katika muda huo wote hana kitu mkononi isipokuwa karatasi na neno la watu aliowachagua. Asipoliamini neno hilo, atauza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mfumo rasmi, kwa bei ya kutupa kabla msimu haujafunguliwa, na atajua fika kwamba anajipunja.

Msimu mmoja bei ya mnada ilishuka sana kuliko ile tuliyoizoea. Viongozi kadhaa walizima simu. Diwani wetu alikuja, akaazima ubao wa shule, akausimamisha chini ya mwembe na kuandika kwa chaki bei ya kilo moja ya daraja la kwanza, kisha chini yake akaorodhesha kila kato: ushuru wa halmashauri, chama kikuu, chama cha msingi, ghala, usafirishaji. Alizomewa. Kijana mmoja alimwita diwani wakala wa wanunuzi mbele ya wakwe wa diwani huyo. Hakujibu ukali kwa ukali. Alikiri kwamba kato mojawapo hata yeye halielewi, akaahidi kuliulizia, na baada ya wiki mbili alirudi na jibu ambalo halikumfurahisha mtu. Katika uchaguzi uliofuata nilisikia watu wa chama kingine cha siasa wakisema wazi kwamba kura ya udiwani watampa yeye.

Jambo hilohilo huonekana hata kwa viongozi wakubwa. Novemba 2018, baada ya wakulima kukataa bei za wanunuzi, Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali ingenunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Shangwe ya siku ile ilikuwa ya kweli, nami nilikuwa miongoni mwa walioshangilia. Lakini uhakiki wa mashamba ulipoendelea na malipo ya wengi yakachelewa mpaka mwaka uliofuata, wakati ada za watoto na salfa ya kupulizia mikorosho havikuweza kusubiri, mazungumzo ya barazani yalihama kutoka kwenye bei iliyotangazwa hadi kwenye siku ambazo fedha haijaingia benki.

Mwaka 2013 ulitufundisha kwa uchungu mkubwa zaidi. Watu wa Mtwara walipopinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, kulitokea vurugu, nyumba zikachomwa na watu wakapoteza maisha. Sitetei uchomaji wa nyumba ya mtu yeyote. Ninachosema ni kwamba watu walikuwa wamejengewa matumaini ya viwanda na ajira, kisha wakauona uamuzi mzima umekwisha kufanywa, na waliotumwa kuwaeleza walikuja baada ya hasira badala ya kuja kabla yake.

Wapo watakaosema kwamba msema kweli hushindwa uchaguzi. Hutokea, nami nimeshuhudia mtu mwema akiangushwa na mwenye maneno matamu. Hata hivyo nakumbuka jioni ile chini ya mwembe, kelele zilipopungua, bibi mmoja ambaye hakujua kusoma alivyonyoosha mkono na kuomba asomewe upya, polepole, kuanzia juu. Diwani aliugeukia ubao, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza tena.