Tulikuwa tayari kuuza kiwanja, siyo kununua vidonge

Baba mdogo alianza kubanwa kifua mwaka jana, kila akipanda ngazi za ghala analofanyia kazi Kariakoo. Akisimama dakika mbili tatu, panaachia. Vipimo vikaonyesha mshipa mmoja wa moyo umeziba kwa sehemu kubwa. Jioni ile ile ukoo ukakaa kikao Mbagala, na kabla chai haijapoa tulishakubaliana kuuza kiwanja cha Chanika ili azibuliwe.

Daktari ndiye aliyetutuliza. Shambulio la moyo, alisema, ni dharura: mgonjwa awahishwe, na stenti, kijibomba cha wavu kinachowekwa ndani ya mshipa ili ubaki wazi, huokoa maisha. Lakini maumivu yanayokuja kwa kazi na kuondoka kwa kupumzika, miezi nenda rudi, ni habari nyingine. Alitaka tuanze na dawa. Shangazi alikasirika: "Yaani mshipa umeziba, tunapewa vidonge?"

Nami niliwaza hivyo hivyo. Bomba likiziba, linazibuliwa. Kumbe mafuta hujijenga kwenye kuta za mishipa mingi ya moyo kwa pamoja, na shambulio mara nyingi huanza pale utando wa mafuta unapopasuka na damu kuganda juu yake, hata mahali ambapo hapakuwa pamebana sana. Stenti hupanua sehemu moja. Statini (vidonge vya kupunguza mafuta kwenye damu), aspirini, dawa za presha na kuacha sigara hulinda mishipa yote.

Utafiti ulionibadilisha ni ule uitwao ISCHEMIA, uliochapishwa 2020, wa wagonjwa 5,179 kutoka nchi 37. Kundi moja lilipewa dawa na kupelekwa mapema kwenye kateta (mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni kuangalia palipoziba), kisha stenti au upasuaji kwa waliofaa. Jingine lilianza na dawa peke yake. Baada ya miaka mitatu hivi, walikuwa wamefariki 145 upande mmoja na 144 upande wa pili. Tofauti ilionekana kwenye maumivu: waliokuwa wakibanwa kifua mara kwa mara walipata nafuu zaidi walipozibuliwa. Hiyo si faida ndogo. Mzee anayeshindwa kufika msikitini licha ya kumeza dawa zake zote, stenti ni haki yake. Na wenye mshipa mkuu wa kushoto uliobana sana hawakuingizwa kwenye utafiti huo, kwa hiyo wao wasijipimie humo.

Kinachoniuma ni jinsi tunavyochanga. Tukio moja kubwa tunaliundia kamati, na mweka hazina anapatikana siku hiyo hiyo. Vidonge vya kila mwezi havina kamati. Baba mdogo alikaa siku tisa bila statini, kimya, akiona aibu kuomba, ilhali sisi hao hao tulikuwa tayari kuuza ardhi kwa ajili yake. Tena stenti isingemwondolea vidonge. Aliyewekewa hutumia aspirini pamoja na dawa ya pili ya kuzuia damu kuganda kwa miezi kadhaa, na akizikatiza kiholela stenti yenyewe inaweza kuziba.

Sasa tumegawana miezi. Wangu ulikuwa wa kwanza, huu ni wa shangazi, na risiti ya duka la dawa ameshanitumia. Baba mdogo bado anapumzika katikati ya ngazi, ila mara moja tu. Kiwanja kipo. Siku maumivu yatakapozishinda dawa tutakiuza, na sitakuwa na neno.