Chati ya Sayari Juu ya Kabati

Katika shule moja ya msingi hapa Ujiji, mkoani Kigoma, nilionyeshwa chati ya sayari iliyoletwa na wafadhili. Nzuri kweli: karatasi ngumu inayong'aa, Zohali na pete zake, Mshtarii na doa lake jekundu. Ilikuwa imeviringishwa ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya kabati la ofisi. Watoto wataichana, nikaambiwa.

Ubishi wa zana za kufundishia hunogea hapo. Wapo wanaosema walimu wafaraguze: udongo upo, vizibo vipo, maboksi yapo. Wengine wanasema mtoto wa Kigoma naye anastahili picha safi na video kama mwenzake wa Dar es Salaam.

Tuanze na anga. Mtoto wa Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, anaujua mwezi kuliko chati yoyote. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, taa haziwavuti tena samaki, mitumbwi inapumzika, na nyumbani mboga inabadilika. Mzunguko ule wa siku 29 na nusu mtoto anausoma kwenye sahani. Mwalimu akianzia hapo, somo limeshafika nusu kabla hajashika chaki.

Tena chati ina uongo wake. Huzibananisha sayari kama abiria wa daladala. Chukua shanga ya sentimita 1, iite Dunia. Kwa kipimo hicho Jua ni duara lenye upana wa mita 1 na sentimita 9, na kati yao pana karibu mita 117, yaani uwanja wa mpira na hatua kadhaa. Kamba na watoto wawili wanatosha kuonyesha hayo. Lakini pete za Zohali huwezi kuzifinyanga ukaeleweka. Hapo chati imeshinda, hatuna haja ya kubishana.

Kwa wanyama mambo yanageuka, maana wa kwetu ndiye aliye mbali. Gombe, hifadhi ya sokwe, ipo kaskazini ya mji, kwa boti, na watoto wengi wa Kasulu au Kibondo wanakua bila kumwona sokwe. Ni humo Gombe, mwaka 1960, mtafiti Mwingereza Jane Goodall alipomwona sokwe akichomeka unyasi kwenye kichuguu na kuutoa umejaa mchwa, wakati wataalamu waliamini binadamu peke yake ndiye hutengeneza zana. Video ya dakika mbili inatosha, kisha darasa zima litoke likajaribu kwenye kichuguu kilicho nyuma ya choo cha shule.

Picha za "watu wa dunia" ndizo nisizoziamini. Mjapani daima yumo ndani ya kimono, Mmasai daima na mkuki. Mtoto wa Tokyo anayepanda treni hayumo. Wakati huohuo, hapa Ujiji dawati moja linaweza kumkalisha Muha, Mmanyema na Mbembe, na hakuna anayewauliza kwao wanasalimianaje. (Wakiulizwa, waulizwe wote. Kumsimamisha mmoja awakilishe kabila lake ni kumwonea.)

Ila wanaosifu kufaraguza wakumbuke nani analipa. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia na kipindi cha dakika 40 ananunua manila na gundi kwa fedha yake, kisha anafinyanga sayari usiku baada ya kusahihisha madaftari. Zana hiyo si ya bure, gharama yake imefichwa tu.

Kwa hiyo mfadhili akiniuliza, nitamwambia alete chati chache, projekta ndogo na sola yake, kisha manila, kamba na gundi za kutosha. Na shule iandikiwe kabisa kwamba vitu hivyo ni vya kuchakaa. Chati ikichanika mikononi mwa watoto baada ya mihula mitatu, wala asiitwe mwalimu ajieleze, inunuliwe nyingine.