Waziri aulizwe kuhusu saruji

Makala yenu kuhusu kanuni za frakingi, yaani uchimbaji wa mafuta na gesi kwa kupasua mwamba, katika jimbo la kaskazini la Northwest Territories, Kanada, imeng'ang'ania ajira, ila swali la kumbana waziri wa huko ni la saruji inayoziba nafasi kati ya bomba la kisima na ardhi. Frakingi hupasua mwamba huo kwa maji, mchanga na kemikali zenye shinikizo kubwa, kilomita moja au mbili chini. Uvujaji unaofikia maji ya kunywa mara nyingi huanzia juu, kandokando ya bomba, saruji isipoziba vizuri. Kwenye ardhi iliyoganda mwaka mzima hatari huzidi: saruji ikishika hutoa joto, udongo ulioganda unayeyuka, pengo linabaki. Saruji ya kawaida huweza hata kuganda kwa barafu kabla haijashika. Kanuni idai saruji maalumu ya kutumika kwenye baridi, jaribio la shinikizo la kisima, na maji ya ardhini yapimwe kabla ya kuchimba. Bila kipimo hicho cha mwanzo, mtathibitishaje uchafu umetoka wapi?

Halafu kuna maji ya frakingi yanayorudi juu, yenye chumvi kali. Kisima kimoja cha mlalo, kinachopinda na kwenda upande chini ya ardhi, huweza kutumia maji lita milioni 10 na zaidi. Barabara ya barafu, inayopitika majira ya baridi tu, ikiyeyuka, malori ya kubeba maji hayo yatapita wapi? Na tangu Aprili 1, 2014, Ottawa, yaani serikali kuu ya Kanada, ilipoikabidhi Northwest Territories sehemu kubwa ya mamlaka ya mafuta na gesi, kusingizia serikali kuu hakutoshi.