Ukitaka Kuruka, Agana na Nyonga: Coogler, Hood na Mlango wa Bajeti Kubwa

Februari 2018 filamu ya Black Panther ilioneshwa Kisumu, mji ambao gavana wake wakati huo, Profesa Anyang' Nyong'o, ni baba mzazi wa Lupita Nyong'o aliyeigiza humo kama Nakia. Watu walizungumza juu ya waigizaji, mavazi na Wakanda yenyewe, nchi ya kubuni ambayo kila mtu alitamani ingekuwa jirani yake. Jina la aliyeongoza kazi ile halikuwa midomoni mwa wengi. Ryan Coogler alikuwa na umri wa miaka 31, ile ilikuwa filamu yake ndefu ya tatu tu, na alikuwa amekabidhiwa takriban dola milioni 200. Filamu yake ya kwanza, iliyotoka miaka mitano tu kabla ya hapo, iligharimu takriban dola 900,000. Mtu aliyewahi kusimamia gharama ya nyumba chache za mjini alikabidhiwa gharama ya mtaa mzima, na hakuna aliyeshangaa sana, kwa kuwa Hollywood imeshazoea mruko wa namna hiyo.

Wapo wanaosema kwamba kazi ya awali ni ushahidi wa kutosha: anayeweza kumfanya mtazamaji alie kwa fedha kidogo, ataweza kufanya hivyo kwa fedha nyingi. Wapo pia wanaosema kwamba studio hainunui kipaji kilichomo ndani ya filamu ndogo, bali hununua sifa ya tuzo pamoja na unyonge wa mgeni ambaye hatathubutu kubishana na wenye mali. Kila upande una mifano yake ya kweli. Mimi naona kwamba pande zote mbili zinaitazama filamu ya awali mahali pasipo penyewe, yaani katika mada yake na tuzo zake, wakati kinachovuka salama kutoka kazi ndogo hadi kubwa ni namna ya kufanya kazi na watu wa kufanya nao.

Tuanze na Fruitvale Station. Filamu hiyo inasimulia siku ya mwisho ya Oscar Grant, kijana wa miaka 22 aliyepigwa risasi na askari katika kituo cha treni cha Fruitvale, mjini Oakland, usiku wa kuamkia Januari 1, 2009. Ilipigwa picha kwa siku 20, kwa mkanda wa milimita 16, na Januari 2013 ikatwaa tuzo kuu ya majaji pamoja na tuzo ya watazamaji katika tamasha la Sundance. Mtayarishaji wake mmoja alikuwa Forest Whitaker, yule aliyekwenda Uganda kuigiza Idi Amin na kurudi na Oscar. Ukiitazama leo ukitafuta dalili za Wakanda, hutaona kitu: hakuna ndege, hakuna vita, hakuna picha hata moja iliyotegemea kompyuta kwa uzito wowote. Kijana anampeleka mtoto shule, ananunua kaa kwa ajili ya sherehe ya kuzaliwa ya mama yake, anaomba arudishiwe kazi aliyofukuzwa. Anayedai kwamba filamu hii peke yake ilimthibitisha Coogler kwa kazi ya dola milioni 200 analazimika kueleza ni ukurasa upi wa ushahidi huo anaousoma.

Jibu liko katika filamu ya pili, Creed, ya mwaka 2015. Hapa kuna jambo ambalo husahaulika kwa urahisi: Coogler hakupewa Creed kama zawadi ya Sundance. Wazo la mwana wa bondia Apollo Creed lilikuwa lake, alilibeba tangu kabla ya Fruitvale Station kukamilika, na Sylvester Stallone, nyota wa filamu za ndondi za Rocky alimotoka Apollo, alisita kwanza kumruhusu kijana asiyejulikana aguse urithi huo. Bajeti ilikuwa kati ya dola milioni 35 na 40, na mapato yakapita dola milioni 170. Kwa hiyo kati ya dola 900,000 na dola milioni 200 palikuwa na kituo, na katika kituo hicho alifanya jambo ambalo mwenye fedha angeweza kuliona kwa macho yake bila kuambiwa na jopo la majaji.

Jambo lenyewe ni pambano la Adonis, mwana huyo wa Apollo, na bondia Leo Sporino. Kamera inaingia ulingoni pamoja na mabondia na haitoki. Inazunguka nyuma ya bega la mmoja, inapita katikati yao ngumi zikiruka, inamfuata Adonis hadi kwenye kona anakopewa maji na maelekezo, inarudi naye raundi ya pili, na yote haya kwa zaidi ya dakika nne bila mkato. Mtazamaji anachoka pamoja na bondia, maana hapewi nafasi ya kupumua ambayo mkato humpa. Sasa ichukue Black Panther, sehemu ya kasino mjini Busan: kamera inamfuata Okoye, jenerali wa Wakanda, aliyevaa gauni jekundu, inapanda ghorofani, inashuka, inamwacha huyu na kumdaka yule, kana kwamba yote ni picha moja. Kompyuta ilisaidia kuunganisha, lakini aliyeona pambano la Sporino anamtambua aliyeshika usukani. Huo ndio ushahidi ninaoukubali, kwa sababu unaonesha tatizo lilelile likitatuliwa mara mbili na mtu yuleyule kwa fedha tofauti.

Nyuma ya ushahidi huo kuna orodha ya majina ambayo watazamaji wengi hawangoji kuisoma taa zikiwashwa. Ludwig Göransson, aliyetunga muziki wa Fruitvale Station, ndiye aliyetunga wa Creed, na ndiye aliyekwenda Senegal kumfuata mwanamuziki Baaba Maal kwa ajili ya Black Panther. Hannah Beachler alibuni mandhari ya filamu zote tatu. Rachel Morrison alikuwa mpiga picha wa filamu ya kwanza na ya tatu, na Michael P. Shawver alikuwa katika chumba cha uhariri cha zote. Michael B. Jordan aliigiza Oscar Grant, kisha Adonis, kisha Killmonger, adui mkuu katika Black Panther. Hata Whitaker, mtayarishaji wa kwanza, yumo Wakanda kama kuhani Zuri. Göransson na Beachler walipata tuzo za Oscar kwa Black Panther, na Beachler akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuipata katika fani yake. Wahenga walisema ukitaka kuruka, agana na nyonga, na nyonga za Coogler zilikuwa watu hawa.

Upande wa pili una mfano mzito, na ni wa Mwafrika. Gavin Hood, mzaliwa wa Johannesburg aliyesomea sheria kabla ya sinema, aliongoza Tsotsi ya mwaka 2005, hadithi ya jambazi kijana anayeiba gari na kukuta mtoto mchanga katika kiti cha nyuma. Kuna sehemu ndogo ambayo siisahau: jambazi yule, asiyejua hata kumshika mtoto, anamfunga gazeti badala ya nepi na kumbeba ndani ya mfuko wa karatasi wa dukani, na mtazamaji hajui acheke au alie. Machi 2006 filamu ilipata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Miaka mitatu baadaye Hood alikuwa mwongozaji wa X-Men Origins: Wolverine, kwa bajeti ya takriban dola milioni 150.

Kwa hesabu za mapato si hasara, kwani iliingiza zaidi ya dola milioni 370. Hata hivyo, hakuna kitu katika filamu ile kinachokukumbusha mfuko wa karatasi. Wade Wilson, mhusika ambaye wasomaji wa vitabu vya katuni wanampenda kwa sababu ya kuropoka kwake, anafikishwa mwisho wa filamu akiwa ameshonwa mdomo, na uamuzi huo ulikuwa kichekesho miongoni mwa mashabiki kwa miaka. Anayeona kwamba tuzo hununua jina na kuacha kipaji mlangoni hahitaji mfano mwingine.

Mtu anaweza kunirudi hapa kwamba Hood naye alikuwa na kituo cha katikati, kwani mwaka 2007 aliongoza Rendition, yenye waigizaji wakubwa na bajeti iliyo kati ya ile ya Tsotsi na ile ya Wolverine. Ni kweli, na ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba inatosha kupanda hatua kwa hatua. Rendition ilikuwa hadithi ya kisiasa juu ya mateso na vyombo vya usalama. Haikumfundisha wala kumthibitisha katika lugha ya mapambano ambayo Wolverine iliihitaji, kama ulingo ulivyomfanyia Coogler. Pia tazama majina. Mark Kilian na Paul Hepker waliotunga muziki wa Tsotsi walitunga wa Rendition, ila kwa Wolverine kazi ikaenda kwa mtunzi mwingine mwenye uzoefu wa filamu kubwa. Mhariri wake Megan Gill alibaki, lakini safari hii akiwa na mwenzake. Hood aliingia katika nyumba kubwa akiwa amepunguziwa wenyeji wake.

Tatizo la hoja yangu ni kwamba inaweza kugeuzwa. Huenda Coogler hakufanikiwa kwa sababu ya watu wake. Huenda aliruhusiwa kuwa na watu wake kwa sababu tayari alikuwa na nguvu ya kudai. Mwaka 2015 mwongozaji Ava DuVernay alizungumza na Marvel, studio yenye filamu hiyo, kuhusu Black Panther hiyohiyo, akajitoa baada ya kutofautiana nao juu ya hadithi. Aliyekuja baada ya kukataa huko alikuta studio inayomhitaji, na tena alikuja na Creed mkononi. Nguvu ya kudai ni sehemu ya jambo, sipingi. Ila nguvu hiyo nayo ilizaliwa na kazi iliyotangulia, si na tuzo.

Na hata yeye hakushinda kila mahali. Sehemu ya mwisho ya Black Panther, mfalme T'Challa na Killmonger wakipigana chini ya ardhi kwenye reli za mgodini, imelaumiwa sana kwa picha zake za kompyuta, na lawama hiyo ni ya haki. Miili haina uzito, ngumi haziumi, na mwongozaji wa pambano la Sporino haonekani humo. Mwongozaji wa Argentina, Lucrecia Martel, alisimulia mwaka 2018 jinsi alivyokutana na Marvel kuhusu filamu ya Black Widow na kuambiwa asijisumbue na sehemu za mapambano, kwani zingeshughulikiwa na wengine. Katika filamu za namna hii sehemu hizo huchorwa kwa kompyuta mapema, miezi kabla ya waigizaji kufika, na mgeni huzikuta karibu zimekwisha kuamuliwa. Ndani ya filamu moja basi kuna sehemu inayothibitisha hoja ya kwanza na sehemu inayothibitisha ya pili, zikitenganishwa na muda usiozidi saa mbili.

Liko pia suala la nani anasomwa kama ushahidi. Colin Trevorrow aliongoza Safety Not Guaranteed mwaka 2012 kwa chini ya dola milioni moja, na mwaka 2015 alikuwa na Jurassic World. Patty Jenkins aliongoza Monster mwaka 2003, filamu iliyompa Charlize Theron Oscar, na akasubiri hadi mwaka 2017 ndipo filamu yake ya pili ya sinema, Wonder Woman, ikatoka. Miaka mitatu kwa mmoja, 14 kwa mwingine. Kama filamu ya kwanza ingekuwa kweli kipimo kinachosomwa kwa macho ya haki, tofauti hiyo ingekuwa vigumu kuieleza. Anayepima ndiye anayeamua kipimo kinasema nini.

Kwa waongozaji wa kwetu, ugumu uko katika kile kituo cha katikati. Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza filamu fupi ya kubuni ya wakati ujao, Pumzi, mwaka 2009, kisha Rafiki, iliyooneshwa Cannes mwaka 2018 huku ikiwa imepigwa marufuku nyumbani, hadi Mahakama Kuu ilipoiachia kwa siku saba mwezi Septemba. Filamu yake iliyofuata, Look Both Ways ya mwaka 2022, ilikuwa ya Netflix na ya Kimarekani kwa hadithi na mandhari. Simlaumu hata kidogo, fundi hufuata palipo na kazi. Ila mtu anayelazimika kuvuka bahari ili apate bajeti ya kati huvuka mara nyingi peke yake, akimwacha mpiga picha wake na mhariri wake Nairobi, na kwa mujibu wa nilichoeleza hapo juu, hicho ndicho kitu ambacho hakupaswa kukiacha.

Hood alirudi. Mwaka 2015, baada ya kazi nyingine kubwa isiyofanya vizuri, alitoa Eye in the Sky, iliyopigwa picha Afrika Kusini lakini yenye hadithi ya Nairobi: ndege isiyo na rubani iko juu ya nyumba, majenerali na mawaziri wanabishana London, na chini ukutani msichana mdogo anauza mikate juu ya meza. Mpelelezi aliyeigizwa na Barkhad Abdi anajaribu kuinunua mikate yote ili mtoto aondoke kabla kombora halijashuka. Mkate, meza, mtoto, muda unaokwisha. Hapo ndipo yule wa mfuko wa karatasi alipoonekana tena, na Kilian na Hepker wakiwa wamerudi kwenye muziki.

Coogler naye, baada ya Wakanda mbili, alishuka hadi bajeti inayokadiriwa kuwa dola milioni 90 hivi na kutengeneza Sinners ya mwaka 2025, hadithi yake mwenyewe iliyowekwa Mississippi mwaka 1932, akiwa na Göransson, Beachler, Shawver na Jordan. Katika mkataba wake na studio ya Warner Bros. alidai kauli ya mwisho juu ya uhariri, na kwamba haki za filamu zirudi kwake baada ya miaka 25. Wakati huo, mwaka 2050, atakuwa anakaribia kutimiza miaka 64.